Kuhe Aliyeatamia Changarawe

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na maji!
— Maji ya mto?
— Hapana!
— Ya kisima?
— Hapana!
— Basi ya wapi?
— Ya sebuleni!

Haya, ya sebuleni. Wala msicheke, sogeeni.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana umeme ulikuwa umeshafika, palikuwa na mwanamke wa Ujiji aitwaye Bi Nyamizi. Bi Nyamizi alikuwa na sebule nzuri. Makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma, televisheni imevikwa kitambaa cha kufuma, na ukutani limesimama tangi la kioo lenye samaki. Tangi tu ndilo halikuvikwa kitu, kwa sababu samaki wangekosa mwanga. Ndani yake mlikuwa na mchanga wa ziwani, majani ya majini, jiwe moja kubwa, changarawe nyeupe za duara, na magamba matupu ya konokono ambayo Bi Nyamizi aliyaokota mwenyewe ufukweni. Kwenye kona palikuwa na mashine ndogo ya kutia hewa, ikisema mchana kutwa: bubu-bubu-bubu.

Siku moja mchuuzi wa samaki wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, akamwonyesha kisamaki kirefu kama kidole, chenye madoa meusi ubavuni.

"Huyu anaitwaje?" akauliza Bi Nyamizi.

"Kuhe, mama."

"Kuhe? Si ndiye yule ninayemwona kwenye masinia, mrefu kama mkono wa mtu?"

"Huyo ni mwingine, mama yangu. Huyu ni wa mapambo. Hapo unapomwona ndiyo kashafika mwisho wa kukua."

Bi Nyamizi akamnunua. Akamtia kwenye kopo la siagi, akaenda naye nyumbani, akammimina tangini: chubwi!

Kuhe akala, akakua. Akala, akakua. Akala tena, akakua tena. Akawa mrefu kama kiganja, akawa mrefu kama kiatu, akawa mrefu hata akitaka kugeuka inambidi kwanza aende mpaka kona, kama lori kwenye kichochoro. Bi Nyamizi akimrushia dagaa, Kuhe huwameza wote kabla hawajafika chini: gwap! gwap! gwap! Dagaa wakiisha, huwaangalia majirani zake. Gwap.

Na jirani akiisha, huogelea tangi zima akitangaza:

"Jiwe hili langu! Mchanga huu wangu! Majani haya yangu!"

Kisha huyang'oa majani, maana ni yake. Huchimba mchanga kwa mdomo na kuutemea upande wa pili, fuuu!, maana ni wake. Akapita akiyabeba magamba yote matupu ya konokono, moja baada ya jingine, akayarundika kwenye kona yake nyuma ya jiwe. Ya nini? Hana kazi nayo, hata jicho lake haliwezi kuingia humo. Lakini ni yake.

Gamba moja tu hakulibeba, kwa sababu lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni Bi Kijumba. Bi Kijumba ni samaki wa wale wadogo kabisa, wasiozidi dole gumba, ambao huishi ndani ya magamba ya konokono. Wamezaliwa humo, huolewa humo, hutaga humo. Ukimtisha, chwii! yumo ndani, amezunguka na kona ya gamba, na huwezi kumtoa hata ungekuwa nani. Kuhe alikuwa amejaribu. Alilinyanyua gamba, akalitikisa, akaligonga kwenye kioo, ngo! ngo! ngo!, mpaka Bi Nyamizi akatoka jikoni akidhani kuna mgeni mlangoni. Bi Kijumba hakutoka. Kuhe akaliweka chini, akachungulia tundu kwa jicho moja.

"Na wewe pia wangu," akasema. "Sijaamua tu lini."

Basi Bi Kijumba akawa anaishi kwa mahesabu ya roho mkononi. Akichomoza, anatazama kulia, anatazama kushoto, anatazama juu, anadaka punje ya chakula, chwii! ndani. Angeweza kuishi hivyo mpaka uzeeni. Tatizo, alikuwa na watoto.

Watoto walipokuwa kama chembe za mchanga, gamba liliwatosha. Wakakua kama punje za mchele, likawatosha kwa taabu. Sasa wamekuwa kama mbegu za boga, na kila mmoja analalamika.

"Mama, huyu ananikanyaga!"

"Mama, mkia wangu uko nje!"

Na kweli ulikuwa nje. Jana yake Kuhe alipita, akaung'ata, ukaponea chupuchupu. Mwenye mkia alilia mchana kutwa, na Bi Kijumba hakupata hata lepe la usingizi.

Desturi ya samaki wa magambani inajulikana: mtoto akifika ukubwa huo, mama humtoa nje akatafute gamba lake. Hakuna cha huruma. Lakini magamba matupu yote yalikuwa kona ya pili, nyuma ya jiwe, na katikati ni uwanja wa mchanga mtupu. Na juu ya uwanja huo, kama wingu lenye meno, anaelea Kuhe.

Bi Kijumba akamwita rafiki yake Ngogogo. Ngogogo ni samaki wa sharubu, mwenye miiba mikali mgongoni na mbavuni. Kuhe alimmeza siku moja, akamtema siku hiyo hiyo, na tangu hapo wanaheshimiana.

"Kaka Ngogogo," akasema Bi Kijumba, "nataka kuwavusha wanangu."

"Gogogo! Wavushe wapi, dada? Tumboni?"

"Kona ya pili. Nifanyeje?"

"Mimi nikishuka kooni kwa mtu, ananikumbuka. Wanao ni laini kama ugali. Labda umwombe Kuhe afumbe mdomo."

Akacheka, akaondoka. Lakini Bi Kijumba hakucheka. Akabaki mlangoni kwake, akiyarudia maneno yale kichwani. Afumbe mdomo. Afumbe mdomo. Akautazama mchanga uliochimbwachimbwa, na juu ya mchanga akaziona zile changarawe nyeupe za duara, zinang'aa.

Asubuhi Kuhe alipopita na tangazo lake, "Jiwe hili langu! Mchanga huu wangu!", Bi Kijumba akachomoza kichwa.

"Kweli, Bwana Mkubwa. Na wanao je?"

Kuhe akasimama. "Wanangu gani?"

"Hawa waliolala hapa mchangani. Tazama mayai yalivyo meupe. Yalikuja na mchanga wa ziwani. Mayai ya kuhe matupu."

"Mayai?" Kuhe akalamba midomo. "Lete nile."

"Kula, Bwana Mkubwa, ni yako. Ila naomba nikuulize. Tangu uwale wale majirani wote, siku hizi unamtawala nani?"

Kuhe akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Mashine ikasema bubu-bubu-bubu, naye bado anafikiri.

"Nakutawala wewe," akasema.

"Mimi niko ndani saa zote. Na Ngogogo?"

"Huyo ana miiba."

"Basi hapo. Ukiyala leo, umeshiba leo. Ukiyaatamia, wanatoka kuhe. Kuhe wengi, Bwana Mkubwa! Tangi zima watu wanakuita baba. Huyu anakuchimbia mchanga, yule anakukamatia dagaa, wewe umejilaza tu."

Hapo Kuhe akapenda. Pezi lake la mgongoni likasimama lenyewe.

"Yanaatamiwaje?"

"Mdomoni."

"Mdomoni?" Kuhe akamkazia jicho. "Mbona sisi kuhe tunataga mchangani na kulinda kwa nje? Hatubebi mayai mdomoni sisi."

Alichosema Kuhe ni kweli tupu. Kuhe wa ziwani ndivyo wanavyofanya, baba huku, mama huku, watoto katikati. Bi Kijumba akaona uongo wake umefika ukingoni. Nyuma yake watoto wameacha hata kusukumana.

"Nani amekwambia hivyo, Bwana Mkubwa?" akauliza taratibu. "Ni mama?"

Kuhe akanyamaza.

"Au baba?"

Kuhe akanyamaza zaidi.

"Maana mimi nilikuwapo ulipokuja. Ulikuja ndani ya kopo la siagi, ukiwa kama kidole. Hukuwahi kumwona kuhe mwingine hata mmoja. Mimi mama yangu alikuwa jirani nao. Basi kama umeambiwa na mtu, sawa. Kama unahisi tu…"

"Sihisi!" akasema Kuhe haraka. "Najua. Nilikuwa nakupima. Kuhe huatamia mdomoni. Kila mtu anajua."

"Hata ngege wa kawaida, mtu wa kuliwa na ugali, huatamia mdomoni. Sembuse mfalme?"

"Sembuse mimi!" akasema Kuhe. Akapanua mdomo kama pango, akainama, akazizoa changarawe. Kra-kra-kra. Mashavu yakamvimba huku na huku kama mtu aliyetia mihogo miwili kinywani.

"Masharti ni mepesi," akasema Bi Kijumba. "Ukifumbua, yanapoa. Yakipoa, yamekufa. Usile, usiseme, usipige miayo."

"Mmh," akasema Kuhe.

Asubuhi ile Bi Nyamizi akatupa dagaa. Dagaa wakashuka taratibu, wananukia. Kuhe akawatazama wakipita mbele ya pua yake. Jicho likamtoka. Mdomo ukamtetemeka. Hakufumbua. Dagaa wakafika chini, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, wengine wakala. Ngogogo akala mpaka tumbo likagusa mchanga.

"Dada," akanong'ona, "umemfanya nini?"

"Nimemwomba afumbe mdomo."

Kuhe akapita juu yao, akajaribu kutangaza. "Mm-mm mm-mngu! Mm-mngu!" Hakuna aliyejua ni jiwe au ni mchanga.

Bi Kijumba akageukia ndani.

"Wanangu, leo mnahama. Mtatoka mmoja mmoja, mtapita chini ya tumbo la Kuhe, mtaingia kila mtu gamba lake. Msikimbie, mtamshtua. Msisimame. Na sikilizeni hili vizuri: msimsalimie."

Watoto wakatazamana. "Mama! Si ulisema tusimpite mtu mzima bila shikamoo?"

"Nilisema."

"Ukamfinya huyu kwa sababu hakumwamkia Mjomba Ngogogo?"

"Nikamfinya. Leo nasema vingine. Atakayemwamkia Kuhe leo, nitamfinya yeye na kivuli chake."

Akatoka wa kwanza. Taratibu, taratibu. Kuhe akamwona. Akamtamani. Akaufumba mdomo. Mtoto akafika: chwii! ndani ya gamba.

Akatoka wa pili. Taratibu, taratibu. Kuhe akamwona. Akamtamani. Akaufumba mdomo, na chozi likamtoka, japo majini halionekani. Mtoto akafika: chwii!

Akatoka wa tatu, akatoka aliyemfuatia, wakatoka pacha wawili waliokatazwa kushikana na wakashikana. Chwii! Chwii! Chwii! Bi Kijumba amesimama mlangoni, mapezi yamemkakamaa, anahesabu pumzi zao kana kwamba ni zake.

Akabaki kitinda mimba. Kitinda alikuwa mtoto mwenye adabu kuliko wote. Ndiye aliyeliamkia jiwe, pengine ni mzee aliyekaa kimya. Ndiye aliyeiamkia mashine ya hewa, nayo humwitikia bubu-bubu. Mama yake akamshika, akamwambia mdomo kwa mdomo:

"Hata neno moja, Kitinda."

"Ndiyo, mama."

Akatoka. Taratibu, taratibu. Akafika katikati ya uwanja. Juu yake limetanda tumbo la Kuhe, jeupe kama dari. Kitinda akanyanyua macho, Kuhe akainamisha macho, wakaonana. Jicho la Kuhe peke yake lilikuwa kubwa kumshinda mtoto mwenyewe. Na Kitinda, kwa woga, akasahau yote aliyoambiwa leo, akakumbuka yote aliyofundishwa tangu azaliwe.

"Shikamoo, babu!"

Bi Kijumba akahisi damu yake yote imeshuka mkiani.

Kuhe hakuwahi kuamkiwa. Wenziwe walimkimbia, walimsihi, walimwita Bwana Mkubwa kwa mbali, lakini shikamoo ya mtoto aliyesimama mbele yake, hapana. Kifua kikamjaa. Pezi likasimama. Akasahau ufalme, akasahau mayai.

"Marahabaaa!" akaitikia kwa sauti nzito.

Changarawe zikamwagika. Ta! Ta! Ta-ta-ta-ta! zikapiga kwenye jiwe, zikaruka, zikatawanyika mchangani.

Kuhe mdomo wazi. Mdomo mtupu. Na mbele ya mdomo mtupu, kitoto laini kama ugali.

"Hujambo, mjukuu wangu?" akasema, akasogea.

Kitinda amekauka pale pale. Bi Kijumba hakutazama kulia, hakutazama kushoto wala juu. Akachomoka gambani mzima mzima, akasimama uwanjani mchana kweupe, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu Kuhe aote meno.

"Bwana Mkubwa! Wanao wanapoa!" akapiga kelele. "Kaka Ngogogo! Kaka, tafadhali, usimle mtoto wa mfalme!"

Ngogogo, aliyekuwa amelala kwa shibe, akafumbua jicho moja. Akamwona dada yake alivyosimama. Akaelewa. Akajirusha katikati ya changarawe, akadaka moja, akaizungusha mdomoni: gogogo, gogogo.

"Mh! Dada, huyu mtamu! Huyu angekuwa hodari!"

"Tema!" Kuhe akanguruma. "Tema mwanangu!"

"Ngoja nionje na mdogo wake."

Kuhe akamtazama Kitinda. Akamtazama Ngogogo. Chakula kiko huku, ufalme uko kule, na vyote ni vyake. Akaenda huku nusu, akarudi kule nusu. Kwa urefu wake ule, kugeuka si jambo la ghafla. Ikambidi kwanza aende mpaka kona. Bi Kijumba akamsukuma Kitinda kwa kichwa, pu!

"Nenda!"

Kitinda akaenda. Kuhe anazunguka kona, Kitinda anapita jiwe. Kuhe anafika, Kitinda: chwii! Na Bi Kijumba nyuma yake, gamba hilo hilo, chwii! wakabanana humo ndani, mama na mwana.

Wakasikia nje Kuhe akizoa, kra-kra-kra, na kumtukana Ngogogo. Kisha jicho kubwa likachungulia tundu.

"Mm-mmh?"

Bi Kijumba akakusanya sauti yake kutoka ilikokimbilia. "Bado kidogo, Bwana Mkubwa. Wamepoa kidogo tu. Watoto wa kifalme hawana haraka."

"Mmh," akasema Kuhe, akaenda zake kuatamia.

Akaatamia. Na akaendelea kuatamia. Dagaa wakishuka, anafumba. Watoto wa Bi Kijumba wakitoka magambani mwao kucheza, anafumba. Mgongo ukamchongoka, tumbo likaingia ndani. Bi Nyamizi akashika kiuno mbele ya kioo, hana raha. Akambembeleza kwa dagaa, akambembeleza kwa minyoo, hakuna. Mwishowe akamwita shemeji yake, Bukuru, mvuvi. Bukuru akaja. Na bakuli mkononi.

"La nini hilo bakuli, shemeji?" akauliza Bi Nyamizi.

"La kwa heri. Kuhe si pambo, shemeji yangu. Kuhe ni nazi, ndimu na wali. Tangu amekuwa kama kiatu mimi nasali tu augue."

"Huna hata haya! Nimemlea kwa mkono wangu!"

Bukuru akainama, akamwangalia Kuhe kushoto, akamwangalia kulia. Uso ukamshuka.

"Aa! Huyu umemfanyaje? Miiba mitupu! Hata paka atauliza nyama iko wapi."

"Hali. Amefumba mdomo kama anayesusa."

"Humu hamumtoshi. Tangi hili kwake ni kama wewe kukaa kwenye kabati la vyombo. Mrudishe kwao ziwani, si hapo tu. Mimi nitakula dagaa, ndiyo riziki yangu." Akalitazama bakuli lake kwa uchungu, akampa Bi Nyamizi achotee maji ya kujaza ndoo.

Wakambeba Kuhe kwenye ndoo mpaka ufukweni, wakamwachia: chubwi! Hivyo kukonda kukamwepusha na nazi, na mpaka leo hajui.

Wanaosema wanasema alipofika kilindini alikutana na kuhe jike, mzuri, mwenye ubavu wa dhahabu.

"Una nini mdomoni?" akamwuliza.

"Mm-mmh."

"Hebu tema tuone."

Kuhe akatema. Changarawe zikazama, zikapotea kwenye changarawe nyingine.

"Nilidhani mayai," akasema jike. "Nikashangaa. Sisi kuhe hutaga mchangani."

"Nilijua!" akasema Kuhe. "Nilijua tangu mwanzo!"

Na kwa Bi Nyamizi majani yakaota upya, na kila gamba likawa na mwenyewe. Kitinda alipofinywa alifinywa kidogo tu, kisha akakumbatiwa mpaka akaomba aachiwe.

Hadithi imefika mlangoni, nami siivushi kizingiti. Iliyemkaa na aondoke nayo, iliyemkwama akohoe.

Na fundisho lake, wanangu, ni hili: mtoto mwenye adabu hafikwi na baya. Kwa hiyo mwamkieni kila mtu mzima mnayekutana naye, bila kuchagua. Ila yule mwenye mdomo mkubwa, mwamkieni mkiwa mmeshaingia ndani.